Leteni Visu Vyenu: Dua na Adabu za Kuchinja Udhiya

Mazungumzo baada ya swala ya Alasiri, uwanja wa madrasa, Kibokoni, Mombasa, mwezi pili (tarehe mbili) Mfungo Tatu, yaani Dhulhija

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zetu mlioko huko juu barazani.

Niliwaambia Ijumaa kwamba kila anayekusudia kuchinja udhiya, yaani mnyama wa Idi, mwaka huu aje na kisu chake. Naona mmevileta, vimefungwa kwenye magazeti na mataulo, na ndivyo inavyotakiwa. Kijana wa Mombasa akionekana na kisu wazi saa kumi jioni, atakuwa na maelezo mengi ya kutoa kabla hajafika msikitini. Viwekeni hapo mezani, mipini iwaelekee nyinyi. Tutavirudia.

Kila mwaka mwezi huu ukikaribia kuandama, simu yangu haipumziki. "Maalim, nitumie dua ya kuchinja." Mwengine anataka kwa maandishi, mwengine kwa sauti, mwengine ataka yote mawili na tafsiri yake. Nawatumia, na kutafuta elimu ni jambo la kheri. Lakini tangu nianze kuulizwa, hajanijia hata mmoja akaniambia, "Maalim, hebu nitazamie kisu changu." Ndiyo nikasema mwaka huu tuanze na visu.

Dua yenyewe haiwezi kumshinda mtu. Unasema: "Bismillahi wallahu akbar. Allahumma hadha minka wa laka, fataqabbal minni." Yaani: Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na Mwenyezi Mungu ni Mkubwa. Ewe Mola, huyu ametoka kwako na ni wako, basi nikubalie. Ukimchinjia mtu aliyekuwakilisha, badala ya "minni" unasema "min" kisha unamtaja: fulani bin fulani, au fulani binti fulani. Kwa sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ni sunna pia kumswalia Mtume, rehma na amani zimshukie, na takbira, yaani Allahu akbar, ukizileta tatu umefanya vizuri. Basi. Mtoto wa juzuu amma, anayeanza kusoma Qur'ani, anaihifadhi kabla ya kahawa kupoa.

Sasa sikilizeni hadithi ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, aliyoipokea Imam Muslim. Mtume aliagiza aletewe kondoo dume mwenye pembe, mweusi miguuni, mweusi tumboni, mweusi kuzunguka macho. Akaletwa. Mtume akamwambia, "Ewe Aisha, lete kisu." Kisha akamwambia, "Kinoe kwa jiwe." Akakinoa. Akakichukua, akamshika kondoo, akamlaza, akataka kumchinja, ndipo akasema: "Bismillah, Allahumma taqabbal min Muhammad, wa aali Muhammad, wa min ummati Muhammad." Kisha akachinja.

Tazameni mpango wake. Kisu kimetangulia, jiwe likafuata, kisha kondoo akashikwa na kulazwa, na dua ikaja mkono ukiwa tayari. Sisi tumeugeuza. Dua tunayo wiki nzima kwenye simu, kisu tunakitafuta asubuhi ya Idi jikoni, tunakikuta kile cha mama cha kukatia muhogo.

Niwape aibu yangu mwenyewe, maana ya mtu mwengine si haki yangu kuisimulia. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimetoka kuhitimu kitabu cha fikihi, kichwa kimevimba. Ami yangu akanipa heshima ya kuchinja mbuzi wa nyumba, uani kwetu, hapo Kuze. Nikasimama mbele ya jamaa nikaisoma ile dua ndefu, "Wajjahtu wajhiya", kwa sauti ya kuvuta, na madda zote nikazitimiza. Mama zangu huko dirishani wakasikika, "Mashaallah." Nikashuka na kisu. Kisu hakikukata. Nikasugua, mbuzi akapiga kelele ambayo mpaka leo naisikia nikipita kile kichochoro. Ami hakusema neno. Alinitoa kisu mkononi, akakitupa, akachomoa chake kiunoni, akasema Bismillahi wallahu akbar kwa sauti ya kawaida kabisa, mkono ukaenda mara moja na mbuzi akatulia. Jioni tukila ndipo akaniambia: "Dua umesoma wewe, lakini aliyelia ni mbuzi."

Hilo ndilo nililokuja kulizungumza leo. Hadithi ya Shaddad bin Aws, nayo iko kwa Muslim, yasema Mwenyezi Mungu ameandika ihsani, yaani kufanya vizuri, juu ya kila kitu, na mkichinja basi chinjeni vizuri, na mmoja wenu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Kwetu husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sawa, hiyo ni methali ya mla nyama. Katika udhiya kisu kikali ni haki ya mbuzi kabla ya kuwa faida yako.

Basi kisu kiwe vipi? Kiwe na urefu unaozidi upana wa shingo, makali yake yawe mamoja toka shina hadi ncha. Cha mkate chenye meno kirudisheni jikoni, kile kinapasua, hakikati. Kinoeni kwa kinoo chenye maji. Tupa muiogope, inaacha makwaruzo. Kukijaribu msitumie kidole gumba kama mafundi wa kujionyesha. Shika karatasi ya gazeti kwa juu, pitisha kisu bila kukandamiza. Kikishuka kimya, kiko tayari. Kikiliburura gazeti, rudi kwenye jiwe.

Na usikinoe mbele ya mbuzi. Mtume alimpitia mtu aliyemlaza kondoo naye ananoa kisu huku kondoo anamtazama, akamuuliza, wataka kumuua mara mbili? Kwa nini hukukinoa kabla ya kumlaza? Vilevile asichinjwe mmoja na mwenzake anaona. Najua nyua zetu za Mji wa Kale. Mbuzi watano, ua wa hatua sita, wote wamefungwa kwenye nguzo moja. Kuna dawa: fungeni kamba baina ya kuta mbili, tundikeni leso mbili tatu, mkipata pazia mmepata stara. Leso za kina mama zimesitiri mengi katika mji huu.

Mpe maji ya kunywa kabla. Mlete taratibu, usimburure kwa mguu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alimuona mtu anamvuta kondoo kwa mguu kwenda kumchinja, akamwambia: Ole wako, mpeleke kwenye mauti yake kwa uzuri.

Sasa kumlaza. Njoo wewe kijana, lete huo mto wa kwenye mkeka, leo ndio mbuzi wetu. Sunna ni alazwe ubavu wa kushoto, na pale pa kuchinjwa paelekee kibla. Sisi watu wa Mombasa tumefanyiwa wepesi wa ajabu. Makka iko juu yetu moja kwa moja, na hata wazee wetu wakitaka kusema kaskazini walikuwa wakisema "kibla" na wakaeleweka. Basi ukiwa hapa kisiwani, miguu ya mbuzi iangalie kaskazini. Akiwa ubavu wa kushoto na miguu yake iko kaskazini, kichwa chake kitakuwa upande wa magharibi, huko Changamwe, na mkia utakuwa upande wa bahari. Wewe unasimama nyuma ya mgongo wake, nawe umeelekea kibla vilevile. Mkono wako wa kushoto unakutana na kichwa, wa kulia una kisu. Angalieni jinsi kila kitu kilivyoangukia mahali pake. Ukijikuta unavuka mikono, jua umemlaza kinyume.

Anas, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, ametusimulia, na hii iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume alichinja kondoo wawili weupe wenye weusi, wenye pembe, kwa mkono wake, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akaleta takbira, akaweka mguu wake ubavuni mwao. Huo mguu ni wa kumtuliza mnyama asihangaike, si wa kumkanyaga. Miguu yake mitatu ifungwe, wa nyuma wa kulia uachwe wazi aurushe. Mafakihi wetu, wanazuoni wa sheria, wamelisema hilo, na ukimuona mbuzi aliyeachiwa mguu utaelewa: anaupiga mara kadhaa, kisha roho inatoka. Aliyefungwa yote minne anajinyonganyonga mwili mzima.

Ukiwa tayari hivyo, ndipo useme. Ukitaka ile ndefu, soma, imepokewa: "Wajjahtu wajhiya lilladhi fatara-s-samawati wal-ardha hanifan wama ana minal-mushrikin. Inna swalati wa nusuki wa mahyaya wa mamati lillahi Rabbil-alamin." Nimeelekeza uso wangu kwa aliyeumba mbingu na ardhi, swala yangu na kuchinja kwangu, uhai wangu na kufa kwangu ni kwa Mola wa walimwengu. Mimi sasa naisoma kabla mbuzi hajaletwa, peke yangu, nikishika kisu. Akisha lazwa sitaki angoje tajwidi yangu. Bismillah na takbira ndizo zinazokwenda pamoja na mkono. Mwaka jana kijana mmoja alisimama na simu mkono huu, kisu mkono huu, dua inasomwa na simu. Nikamuuliza, na kichwa cha mbuzi kashika nani?

Kata chini ya kile kifundo cha koo, kibaki upande wa kichwa. Vinavyotakiwa kukatika kabisa kwa Mashafi ni koo la pumzi na umio la chakula, na ukamilifu ni mishipa miwili ya damu iliyo pembeni nayo ikatike. Peleka na urudishe bila kuinua kisu. Usifike kwenye uti, usivunje shingo. Kisha ngoja. Hapa ndipo haraka inapotuharibia. Mtu ameshachinja, damu haijakoma, mwenzake tayari anapasua ngozi ya mguu. Ngoja mpaka mnyama atulie kabisa. Soma takbira zako, siku ile ni ya takbira, tangu Alfajiri ya Arafa, mwezi tisa, hadi Alasiri ya mwezi kumi na tatu.

Mama zetu naona mnanong'ona. Ndiyo, mwanamke anachinja. Kaab bin Malik alikuwa na kijakazi anayechunga mbuzi kwenye mlima Sal', mmoja akataka kufa, yule kijakazi akavunja jiwe akamchinja nalo. Mtume akaulizwa, akaamrisha aliwe. Mwenye kuweza achinje, asiyeweza awakilishe na ahudhurie. Wanaume vilevile, kuwakilisha si aibu. Aibu ni kushika kisu kwa ajili ya picha.

Kuhusu mnyama mwenyewe nitapita mbio, isipokuwa jambo moja. Mbuzi kwa madhehebu yetu atimize miaka miwili, kondoo mwaka mmoja au awe ameng'oa meno ya mbele, ng'ombe miwili, ngamia mitano. Hapa Mombasa ngamia tunawaona zaidi ufukweni wakibeba wageni, basi habari zao tuziache. Muuzaji ukimuuliza umri wa mbuzi hana jibu jengine ila "ametimiza". Mfungue kinywa. Ukikuta meno ya mbele yote bado ya utoto, madogo madogo, mwambie huyu akakue. Wanne hawafai kwa hadithi ya Baraa bin Azib: chongo aliye wazi uchongo wake, mgonjwa aliye wazi ugonjwa wake, anayechechemea dhahiri, na aliyekonda hata mifupa haina uboho.

Hilo jambo moja ni masikio. Mbuzi wengi wanaoletwa hapa wanatoka kwa wafugaji, Garissa, Tana River, na mnada wa Bamba, na mfugaji hutia alama sikioni ili amjue wake. Alama hizo ni namna mbili. Ikiwa sikio limechanwa au limetobolewa tu, na hakuna kilichoondoka, anafaa. Ikiwa kimekatwa kipande kikatupwa, hata kidogo, kwa Mashafi huyo hafai kwa udhiya. Nyama yake halali, mnunue umle siku yoyote. Lakini msije mkamlipia mbuzi bei ya Idi halafu sikio likawatoa. Shika masikio yote mawili, yakunjue, yalinganishe. Mara mbili mimi nimerudisha mbuzi mnene kwa ajili ya hilo, na muuzaji aliniona nina wazimu.

Kushirikiana: ng'ombe ni watu saba, kama masahaba walivyofanya na Mtume mwaka wa Hudaybiya. Nimesikia kuna kundi la vijana kumi na mmoja wametumiana M-Pesa kwa ng'ombe mmoja. Nia njema, lakini hiyo ni karamu. Wapungue wawe saba, na wale wanne kila mmoja atafute mbuzi wake. Na mbuzi ni wa mtu mmoja; thawabu anaweza kuwashirikisha watu wa nyumba yake wote.

Wakati ni baada ya swala. Kuna sahaba, Abu Burda bin Niyar, alitaka mbuzi wake awe wa kwanza kuliwa siku ile, akamchinja kabla ya swala. Mtume akamwambia, mbuzi wako ni mbuzi wa nyama tu. Hebu fikirini, sahaba, na nia yake safi, kuwalisha jamaa na majirani. Akasema, ninaye mtoto wa mbuzi, ni bora kuliko mbuzi wawili wa nyama. Mtume akamruhusu amchinje yule, na akamwambia hatamfaa mwengine yeyote baada yako. Basi nyinyi si Abu Burda. Swalini, sikilizeni hotuba, mrudi. Nafasi iko mpaka jua lizame mwezi kumi na tatu. Ndugu zetu Mahanafi hapa mjini wao wanakomea kumi na mbili, na kwao kuchinja ni wajibu kwa mwenye uwezo. Kwetu ni sunna iliyotiliwa nguvu. Na asubuhi ile sunna ni kutokula mpaka urudi kuswali. Mafakihi wakapendekeza uanze na ini la udhiya yako.

Nyama sasa, na hapa tunakosea kwa ukarimu. Sisi watu wa pwani tukichinja tunapika. Pilau sufuria kubwa, jirani waite, maskini waite, mlango wazi. Vizuri. Lakini katika madhehebu yetu lazima kiasi cha nyama hiyo apewe maskini ikiwa mbichi, awe nayo mkononi, aamue mwenyewe aikaange au aiuze. Ukimwalika pilau hujatoa sadaka hiyo. Huenda ana wagonjwa nyumbani, huenda ana watoto wasioweza kuja Kibokoni kutoka Mikindani. Mfungie mbichi, nyama ya haki, si mbavu tupu na mapafu. Na aliyeweka nadhiri ya kuchinja yeye hali hata kipande, yote anatoa.

Ngozi haiuzwi. Itumie, au itoe. Na mchinjaji halipwi kwa ngozi wala kichwa wala miguu. Sayyidna Ali aliwekwa na Mtume awasimamie ngamia wa Hija ya kuaga, na hao walikuwa mia, Mtume amechinja sitini na watatu kwa mkono wake. Akaamrishwa agawe nyama na ngozi zake, na asimpe mchinjaji chochote kama ujira. Mpe mchinjaji pesa yake kamili, tena mkubaliane kabla. Ukishamlipa, ukitaka kumzawadia paja, mzawadie kama unavyomzawadia mtu mwengine. Najua kuna nyumba zimezoea "kichwa na ngozi ni chako" tangu enzi za babu. Babu Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini hapo aliteleza.

Kuhusu nywele na kucha, hadithi ya Ummu Salama: likiingia kumi la mwanzo la mwezi huu na mtu anataka kuchinja, asikate nywele zake wala kucha. Kwetu ni makuruhu kukata, yaani haipendezi lakini si haramu. Naona wawili hapa wametoka kwa kinyozi jana. Hamna dhambi wala fidia, chinjeni. Kuanzia leo ziacheni.

Damu, jamani, si ya kuachiwa mtaro wa njia. Ndoo za maji ziwe tayari kabla ya mbuzi kulazwa, matumbo yafukiwe au yatiwe mifukoni, na ng'ombe apelekwe machinjioni akakaguliwe. Jirani yako ambaye hakuchinja asiipokee Idi puani.

Maswali tutayajibu baada ya Magharibi, jua linashuka na ninataka mwangaza kwa hii kazi. Sogezeni meza. Wewe shika gazeti hapa juu, kwa ncha mbili, usilivute. Kinoo kiko kwenye ndoo. Haya, hiki cha kwanza chenye mpini wa kufungwa uzi, ni cha nani?